Konsonanti za lugha za Kiathabaskan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa msomaji wa Kiswahili anayekutana na lugha hizi kwa mara ya kwanza, darasani, kazini au kwa udadisi tu. Mifano mingi imetoka Kinavajo, kwa sababu ndiyo yenye wasemaji wengi na tahajia yake imetulia. Tofauti za lugha nyingine zimetajwa pale zinapohusika.

Lugha za Kiathabaskan ni zipi, na zinazungumzwa wapi?

Ni familia ya lugha za wenyeji wa Amerika Kaskazini, kati ya 40 na 50 hivi, kutegemea nani anahesabu lahaja na nani anahesabu lugha. Kundi la kaskazini limeenea ndani ya Alaska na kaskazini-magharibi mwa Kanada: Kidena'ina, Kiahtna, Kikoyukon, Kigwich'in, Kislavey, Kitłı̨chǫ, Kidene Sųłiné na nyinginezo. Kundi la pwani ya Pasifiki liko Oregon na kaskazini mwa California, na Kihupa ndiyo lugha yake inayotajwa zaidi. Kundi la kusini ni Kinavajo na lugha za Kiapache, katika majimbo kama Arizona na New Mexico. Takwimu za Marekani za karibu mwaka 2011 zilionyesha wasemaji wa Kinavajo takribani 170,000. Hakuna lugha nyingine ya familia hii inayokaribia idadi hiyo.

"Dene" na "Athabaskan" ni kitu kimoja?

Kwa matumizi ya kawaida, ndiyo. "Athabaskan" limetokana na jina la Kikri la ziwa Athabasca huko Kanada. Albert Gallatin alilitumia kuitaja familia nzima mwaka 1836. Halikuwa jina lao wenyewe. Diné, Dene na Dena ni neno moja la asili lenye maana ya "mtu, watu", ndiyo maana wengi sasa wanapendelea kusema lugha za Kidene. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa: "Bantu" nalo ni "watu" tu. Usishangae pia kuona Athapaskan au Athabascan. Ni tahajia tofauti za jina lile lile.

Kinavajo kina konsonanti ngapi, na nizishike vipi kichwani?

Zipo 30 na kidogo. Ukizikariri moja moja kama alfabeti utachoka. Zipange tatu tatu, kwa sababu ndivyo lugha yenyewe ilivyozipanga:

d – t – t'
dz – ts – ts'
dl – tł – tł'
j – ch – ch'
g – k – k'

Katika kila safu mahali pa kutamkia ni pamoja. Kinachobadilika ni kazi ya koo. Sauti ya kwanza haina mpumuo (pumzi inayotoka mdomoni pamoja na sauti), ya pili ina mpumuo mkubwa, ya tatu hutolewa koo likiwa limefungwa. Hizo za tatu huitwa ejektivu. Ukiielewa safu moja vizuri, nne zilizobaki ni kuhamisha ulimi tu.

Nje ya safu hizo ipo b peke yake, bila wenzake wawili. Ipo sauti ya kukata koo inayoandikwa kwa ritifaa ('), na kw. Vipo vikwamizo (sauti za hewa inayokwaruza) vinavyokwenda kwa jozi, sighuna (koo halitetemeki) na ghuna (koo linatetemeka): s na z, sh na zh, ł na l, h na gh. Mwishoni kuna hw, m, n, w na y. Hakuna f, v wala r. Irabu ni nne tu, a, e, i na o, ila kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu, ya puani (yenye ndoana chini, kama ą) au la, yenye toni ya juu (kama á) au ya chini.

Mbona b, d na g za Kinavajo zinasikika kama p, t na k?

Kwa sababu ndivyo zilivyo. Hapa ndipo herufi zinapomdanganya mgeni. Walioandaa tahajia walitumia d kwa sauti ambayo Mswahili angeiandika t nyepesi, isiyo na pumzi. Dibé, "kondoo", masikioni mwa Mswahili ni karibu na "tipé". Herufi t imebaki kwa ajili ya t yenye mpumuo mzito.

Ushahidi mzuri uko katika maneno ya mkopo. Kihispania kina p na k zisizo na mpumuo. Wanavajo walipolisikia neno peso, walilisikia na b yao: béeso, "fedha". Americano likawa bilagáana, na ile c ya Kihispania ikaangukia g. Café likawa gohwééh, f ikapokewa na hw kwa kuwa f haipo. (Neno hilo na "kahawa" yetu ni ndugu wa mbali. Yote mawili yanarudi kwenye qahwa ya Kiarabu, moja kwa kupitia Ulaya, jingine kwa kuvuka bahari ya Hindi.)

Mswahili ana makosa mawili hapa. La kwanza ni kuzipa b, d, g mghuno. La pili halionekani kirahisi: b, d, j na g za Kiswahili mara nyingi hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, koo likishuka. Wasemaji wengi hawajui kwamba wanafanya hivyo. Katika Kinavajo, mvuto huo unaipa dibé lafudhi ya kigeni papo hapo. Dawa yake ni kusahau d kabisa: soma neno kana kwamba limeandikwa kwa t, kisha punguza pumzi.

Msemaji wa Kimvita au Kiamu ana bahati zaidi. Lahaja hizo zinatofautisha paa la nyumba, lisilo na mpumuo, na paa mnyama, mwenye mpumuo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha g na k za Kinavajo, ila mpumuo wa Kinavajo ni mrefu zaidi na una mkwaruzo. Tó, "maji", husikika karibu kama t ikifuatwa na kh ya "kheri".

Ritifaa katika k' ina kazi sawa na ile ya ng'ombe?

Hapana, na kosa hili hutokea kila mara. Katika ng' ritifaa inakuambia usitamke g. Katika k' inakuambia kwamba k inatolewa koo likiwa limefungwa. Ikija baada ya irabu, kama katika táá', "tatu", ni konsonanti kamili yenyewe: sauti inakatwa kooni ghafla, kama mtu anavyosema "a'a!" akikataa. Kwa hiyo usiidharau. Tsin ni mti au gogo, ts'in ni mfupa.

Jambo moja zaidi. Neno linaloanza kwa irabu katika maandishi, mfano ashkii, "mvulana", hutamkwa kwa kuanza na mkato huo wa koo, ingawa hauandikwi.

Nitamkeje t', k' na ts'?

Anza na k', ndiyo rahisi kuliko zote.

1. Sema "a'a" polepole na ubaki kwenye mkato wa katikati. Hewa isipite mdomoni wala puani.
2. Koo likiwa bado limefungwa, weka ulimi mahali pa k.
3. Inua koo kidogo, kama unayeanza kumeza, kisha achia ulimi. Utasikia mlio mkavu, mfano wa kizibo kidogo kinachochomoka.
4. Fungua koo ndipo irabu ije. Kati ya mlio na irabu kuna ukimya mfupi sana. Usiuzibe kwa h.

Jipime kwa kipande cha karatasi laini, sentimita 5 mbele ya mdomo. Kwa k karatasi inaruka. Kwa k' inatulia au inatikisika kidogo tu. Kwa g nayo inatulia, kwa hiyo karatasi haitoshi kutofautisha g na k'. Hapo tegemea sikio, utafute ule mlio mkavu na ukimya unaofuata. Maneno ya kuanzia: gah "sungura", kǫ' "moto", k'os "wingu".

Linaloharibika mara nyingi ni mojawapo ya haya. Koo linafunguka mapema, k' inageuka k. Au koo linashuka badala ya kupanda, kwa ile tabia ya d na b za Kiswahili, na hewa inavutwa ndani. Au mtu anasukuma kwa nguvu kana kwamba anakohoa. Koo likianza kuuma, umekosea: hewa inayohitajika ni ile kidogo iliyofungiwa kati ya koo na ulimi, mapafu hayahusiki.

T' inafuata kwa urahisi. Ts' ni ngumu kidogo kwa sababu s yake lazima iishe kabla pumzi ya mapafu haijarudi. Ukisikia s ndefu, umeachia koo.

Ile l yenye mstari, ł, ni sauti gani?

Ni l bila sauti ya koo. Weka ulimi mahali pa l na uuache hapo, kisha puliza. Hewa itoke pembeni mwa ulimi. Gusa koo kwa kidole: lisitetemeke. Watu wengi huona upande mmoja unapitisha hewa zaidi kuliko mwingine, na hilo halina tatizo.

Wageni hubadili ł kuwa s, sh, th au "sl". Chanzo ni kimoja: ncha ya ulimi imeachia ufizi na hewa inapita katikati. Ibane ncha, legeza pembeni. Ł ikija mwishoni mwa neno, kama dził "mlima", Mswahili huongeza irabu na kusema "dzili", kwa sababu silabi zetu zimezoea kuisha kwa irabu. Maliza neno kwa pumzi na ufunge mdomo.

Na dl, tł, tł'?

Ulimi unashika mahali pa t, kisha unafunguka pembeni tu, ncha ikibaki juu. Dl ya dlǫ́ǫ́' (mnyama mdogo wa mashimoni, jamaa ya kindi) haina mpumuo. Tł ya tłah, "marhamu", ina pumzi ya ł. Tł' ya tł'ízí, "mbuzi", ni ejektivu. Ukishaweza ł na k', tł' haikuhitaji kitu kipya. Kosa la kawaida ni kusema "kl". La Mswahili ni kuchomeka irabu, "tilizi". Ni konsonanti moja, si mbili.

Kuna lugha za Afrika Mashariki zenye sauti hizi?

Zipo, na ni msaada mkubwa kwa anayetaka kuzisikia karibu. Kiiraqw cha Mbulu, Karatu na Babati kina ł, inayoandikwa sl, kama slee "ng'ombe", na kina tł' inayoandikwa tl. Ts yake nayo ni ejektivu. Kisandawe na Kihadza vina ł na tł' pia, na Kidahalo cha pwani ya kaskazini mwa Kenya vilevile. Kiborana na Kiamhara vina ejektivu bila ł. Hakuna undugu wowote kati ya lugha hizi na Kinavajo. Hata hivyo mtu wa Mbulu ataisoma tł'ízí vizuri siku ya kwanza, wakati profesa kutoka Ulaya bado anafuta mate kwenye karatasi.

H, gh na x zinasomwaje?

Gh ni ile ya "ghali" na "lugha". Hapa Mswahili hana kazi. H mwanzoni mwa silabi ya shina mara nyingi ni kh ya "khofu", na mwishoni mwa silabi ni h nyepesi. X huandikwa badala ya h hasa pale ambapo s na h zingekutana na kusomwa sh, kama yiyiisxį́, "amemuua".

Kwa nini saad, "neno, lugha", linageuka zaad katika Diné bizaad?

Kikwamizo sighuna kilicho mwanzo wa shina hupata mghuno kikitanguliwa na kiambishi cha mmiliki. S inakuwa z, ł inakuwa l. Diné bizaad ni "watu, lugha yao". Łį́į́' ni farasi, bilį́į́' ni farasi wake. Łid ni moshi, bilid ni moshi wake. Ndiyo maana neno lililo na z katikati huenda ukalipata kwenye s ya kamusi. Usipolikuta, jaribu mwenzake wa jozi kabla ya kukata tamaa.

Kuna badiliko jingine, la s na sh. Sauti hizi mbili hazipendi kukaa pamoja ndani ya neno moja, na iliyo kwenye shina ndiyo inayotawala. Kitenzi cha kitu kilichotulia mahali huanza na si-: si'ą́ kwa kitu cha mviringo. Lakini shina likiwa na j, kiambishi kinageuka shi-: shijaa' kwa vitu vidogo vingi, shijool kwa lundo la sufu. Vivyo hivyo "-angu" ni shi-, na wasemaji wengi husema sizaad badala ya shizaad.

Nimeona ł ikitokea ndani ya vitenzi bila kutarajiwa. Inafanya nini?

Mara nyingi inafanya kazi ya -sha yetu. Yibéézh ni "inachemka", yiłbéézh ni "anaichemsha". Ni moja ya viambishi vinavyotangulia shina moja kwa moja. Vingine ni d na l, na mara nyingine hakuna kitu. D hiyo mara nyingi haionekani yenyewe, bali huungana na konsonanti ya shina: na z inazaa dz, na l inazaa dl, na mkato wa koo inazaa t'. Anayetafuta d peke yake hataiona.

Kwa nini neno moja lina konsonanti tofauti kabisa katika lugha jamaa?

Mfano wa kawaida ni "jiwe". Kinavajo husema tsé, Kidene Sųłiné tthe, Kitłı̨chǫ kwe. Ni neno lile lile. Ts ya kale ilisogea hadi kwenye meno kwa Wadene Sųłiné, ndiyo maana lugha yao ina safu nzima ya ddh, tth, tth', pamoja na th na dh ambazo Mswahili anazijua kutoka "thelathini" na "dhahabu". Kwingine ikahamia nyuma na midomo ikaingia kazini, ikawa kw. Baadhi ya lahaja za Kislavey zilikwenda mbele zaidi hadi sauti za midomo. Kwa sikio ni vurugu, lakini badiliko limefuata kanuni: ukilijua kwenye neno moja, unaweza kulikisia kwenye mengine kumi.

Tazama pia toni. Tsé ina toni ya juu, tthe ya chini. Katika lugha mama, yaani ile ya kale zilikotoka zote, mashina fulani yaliishia kwa kubanwa koo. Mbano huo ulipogeuka kuwa toni, Kinavajo kiliufanya wa chini na Kidene Sųłiné wa juu. Mashina yasiyo na mbano, kama hili la "jiwe", yakachukua toni ya upande wa pili. Hivyo lugha hizi mbili mara nyingi ni kama kioo.

Kaskazini kuna konsonanti ambazo Kinavajo hakina?

Nyingi. Lugha kadhaa za Alaska zina safu ya kimio, nyuma zaidi ya k. Ile kk' katika Denaakk'e, jina la Wakoyukon kwa lugha yao, ni ejektivu ya huko nyuma. Kigwich'in kina tr, tr', dr, shr na zhr, ulimi ukiwa umekunjwa.

Kitlingit na Kieyak ni za familia hii?

Ni ndugu walio nje ya nyumba. Kieyak ndiyo ya karibu zaidi; msemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa, Marie Smith Jones, alifariki mwaka 2008. Kitlingit kiko mbali zaidi, na kina hata vikwamizo ejektivu kama s' na x', kitu adimu duniani. Mwaka 2008 Edward Vajda aliwasilisha hoja ya undugu na Kiketi cha Siberia. Mjadala wake bado uko wazi.

Nachapaje herufi hizi bila kuziharibu?

Katika Unicode, mfumo wa misimbo ya herufi za kompyuta, ł ni U+0142, na kubwa yake U+0141. Usitumie l yenye kiwimbi katikati (ɫ). Hiyo ni alama ya fonetiki ya sauti nyingine. Kwa mkato wa koo tumia U+02BC, ambayo kompyuta inaihesabu kama herufi. Ritifaa ya kawaida ya kibodi inasomeka, lakini programu huigeuza kuwa alama ya kunukuu, tena mara nyingine ikiangalia upande usio wake, na ukibofya mara mbili neno linakatika katikati.

Ǫ́ haina msimbo wake mmoja. Inaundwa na o, ndoana ya chini (U+0328) na alama ya toni (U+0301). Watu wawili wakichapa kwa njia tofauti, maandishi yanafanana machoni lakini utafutaji haupati kitu. Pitisha maandishi yote kwenye urekebishaji wa Unicode wa aina ya NFC, unaoziweka herufi zote katika umbo moja, kabla ya kuyahifadhi. Katika Kitłı̨chǫ ı huandikwa bila nukta ili nukta isichanganywe na alama ya toni, usiisahihishe.

Je, ugumu wa sauti hizi ndio uliowashinda Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia?

Kwa sehemu ndogo. Jeshi la Marekani lilituma ujumbe wa siri kwa Kinavajo, na Wanavajo 29 wa kwanza mwaka 1942 walitunga msimbo juu ya lugha yao, kwa hiyo hata Mnavajo asiyefunzwa asingeuelewa ujumbe. Orodha zao ziliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza: shush ni shash, "dubu", na moasi ni mósí, "paka". Ukijifunza matamshi kutoka orodha hizo, toni zote na urefu wa irabu umeviacha nje.

Nianze na mpangilio gani wa mazoezi?

Dakika 10 kwa siku zinatosha, mradi usiruke hatua. Wiki ya kwanza g–k–k' na d–t–t' peke yake, ukijirekodi kwa simu na kusikiliza kesho yake, kwa kuwa sikio lililochoka husamehe mno. Wiki ya pili ł, kwanza mwanzoni mwa neno, kisha mwishoni. Wiki ya tatu safu ya dl–tł–tł'. Dz–ts–ts' na j–ch–ch' ziweke wiki ya nne, zitakuja upesi. Toni usiiahirishe: kila neno lifanye na toni yake tangu siku ya kwanza, kwani anayejifunza tsé bila toni hulazimika kujifunza tena.